Maswali ya Wasomaji: Usingizi Hauji kwa Kuamrishwa

Barua za safari hii karibu zote zimehusu usingizi, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: je, kutafakari kunamsaidia kweli mtu anayekesha? Tumechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Mbili tumezijibu kwa urefu kwa sababu ndimo watu wengi wanamokwama. Nyingine hazihitaji maneno mengi.

Mhariri, salamu. Nilipakua programu ya kutafakari kwenye simu. Kila usiku najilaza, nazima taa, naweka sauti sikioni na kufuata pumzi kama ninavyoelekezwa. Siku za mwanzo nililala upesi. Sasa kipindi kinaisha nikiwa macho, naanza upya, na kadiri ninavyojitahidi ndivyo usingizi unavyonikimbia. Nakosea wapi? — Macho Makavu

Ndugu Macho Makavu, pumzi zako hazina kosa. Kosa liko kwenye kazi uliyozipa. Usingizi ni katika mambo machache ambayo juhudi huyaharibu. Ukifuata pumzi huku sehemu ya akili imekaa pembeni ikiuliza “je, nimeanza kusinzia?”, sehemu hiyo ndiyo inayokesha, na mwili wote unakesha nayo.

Elewa kwanza kinacholeta usingizi. Tangu unapoamka asubuhi, kemikali iitwayo adenosini huongezeka ubongoni saa baada ya saa, na ndiyo inayokufanya uelemewe jioni. Pamoja nayo kuna saa ya mwili, ambayo giza likiingia huruhusu homoni ya melatonini kupanda. Hizo mbili zikiwa tayari, mtu hulala. Kutafakari hakuzalishi hata moja kati yake. Kunachofanya ni kushusha mhemko wa mwili, yaani mapigo ya moyo, misuli iliyokaza na mawazo yanayokimbizana, ili usingizi ambao tayari umejikusanya upate njia. Kama umelala mchana saa mbili nzima, au umeingia kitandani saa tatu usiku wakati mwili wako umezoea saa tano, hakuna pumzi itakayokulaza.

Ndiyo maana kazi kubwa ya kutafakari hufanywa mchana. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio dogo la watu 49 wenye umri mkubwa waliokuwa na usingizi hafifu. Kundi moja lilifundishwa kutafakari kwa wiki 6, saa 2 kila wiki. Jingine lilifundishwa kanuni za kawaida za kulala vizuri. Kundi la kutafakari lilipata nafuu zaidi. Kumbuka kwamba mafunzo hayo yalikuwa ya darasani, watu wakiwa wamekaa macho.

Basi fanya hivi. Chagua wakati wa alasiri au mara tu unapomaliza kazi. Kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili sakafuni, mgongo wima bila kuegemea, mikono mapajani. Macho yafumbe au yaelekeze chini mbele yako. Tafuta mahali pamoja unapoihisi pumzi vizuri, ama tunduni mwa pua ama tumboni, na ubaki hapo. Usiivute pumzi wala kuirefusha. Iache iende inavyokwenda. Kila unapotoa pumzi, hesabu: moja, mbili, mpaka kumi, kisha rudi moja. Utajikuta umefika kumi na saba, au umesahau hesabu na unapanga mambo ya kesho. Hapo hujashindwa. Kule kugundua kwamba umepotea na kurudi kwenye moja ndilo zoezi lenyewe, na mtu aliyerudi mara 30 amefanya mazoezi mengi kuliko aliyekaa ametulia kwa bahati. Wiki ya kwanza dakika 5 zinatosha. Wiki ya pili 10, kisha ubaki kwenye 15.

Mawili huharibika hapa mara nyingi. La kwanza ni kupumua kwa nguvu ukidhani pumzi nzito ndiyo nzuri. Ukifanya hivyo unatoa hewa ya kaboni dioksaidi kupita kiasi, kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinakufa ganzi. Ukiona dalili hizo, acha kuhesabu na upumue kawaida. La pili ni kusinzia katikati ya kipindi. Hapo fumbua macho, au simama umalizie ukiwa umesimama. Kulala kidogo saa kumi na mbili jioni kutakuibia usingizi wa usiku.

Usiku fanya kitu kingine, kifupi na kisicho na lengo la kulala. Njia ya kwanza ni pumzi ya nne kwa sita: vuta ukihesabu polepole mpaka nne, toa ukihesabu mpaka sita. Hizo ni takriban pumzi 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo hupungua kidogo kila unapotoa pumzi, kwa hiyo kurefusha upande wa kutoa kuna maana yake. Fanya kwa dakika 5 hadi 10. Njia ya pili ilibuniwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, mwanzoni mwa karne iliyopita, na inawafaa zaidi wale ambao mwili wao ndio unaokataa kutulia: kaza kundi moja la misuli kwa sekunde 5, liachie ghafla, kisha usikilize ulegevu wake kwa sekunde 15 hadi 20 kabla ya kuhamia kundi jingine. Anza na nyayo, kisha mashavu ya miguu, mapaja, makalio, tumbo, viganja, mikono, mabega, na mwisho uso. Usikaze mpaka maumivu, na kama mashavu ya miguu yako hushikwa na mkakamao wa misuli usiku, yapite. Ukimaliza mzunguko mmoja, basi. Usianze upya. Kuanza upya ndiko kunakogeuza zoezi kuwa mtihani.

Sauti ya kuelekeza si mbaya, ila simu ikae mbali, kioo chini. Na programu inayokupa alama kila asubuhi kwa jinsi ulivyolala ndiyo tungeifuta kwanza. Mtu mwenye hofu ya kutolala hahitaji kupewa matokeo kabla hajanawa uso.

Jipe wiki 6 kabla ya kutoa hukumu, na linganisha wiki kwa wiki. Usiku mmoja mbaya hauthibitishi kitu.

Kulala si tatizo kwangu; nikigusa mto tu nimeondoka. Shida ni saa nane usiku. Nazinduka, natazama saa, nahesabu muda uliobaki, basi hapo tena sipati hata lepe la usingizi. Nagaagaa mpaka alfajiri, kisha napitiwa na usingizi mzito muda mfupi kabla ya kengele. Nimeanza kuingia kitandani saa tatu na nusu ili nifidie, lakini hali inazidi. — Mama wa Alfajiri

Mama, kuzinduka kwenyewe si ugonjwa. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na mwisho wa kila mzunguko mtu huwa karibu na kuamka. Usingizi mzito kabisa umejazana katika theluthi ya kwanza ya usiku. Baada ya hapo unakuwa mwepesi, wenye ndoto nyingi, na adenosini iliyokulaza imekwisha kupungua. Aliyelala saa tatu na nusu, saa nane usiku ameshapata mizunguko mitatu. Kila mtu huzinduka muda kama huo. Wengi hujigeuza na kuendelea bila kukumbuka asubuhi. Kwako kuna mambo matatu yanayofuata baada ya kuzinduka, na yote matatu yanarefusha mkesha.

Kwanza ni ile saa. Hesabu ya “zimebaki saa tatu na robo” ni kazi ya akili, na kwa mtu mwenye wasiwasi ni taarifa mbaya vilevile. Geuza saa ielekee ukutani. Kama kengele yako ni simu, iweke mahali ambapo huwezi kuifikia bila kusimama.

Pili ni kugaagaa. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin alieleza kanuni ambayo mpaka leo ni nguzo ya tiba ya kukosa usingizi bila dawa. Mtu akikesha kitandani usiku hadi usiku, mwili hujifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwa macho. Inabidi ufundishwe upya. Ukihisi kama dakika 20 zimepita, na hapa tunasema kuhisi, bila kuangalia saa, ondoka kitandani. Kaa kwenye kiti chini ya taa hafifu. Soma kitabu ulichokwisha kukisoma, kunja nguo, au hesabu pumzi ukiwa umekaa. Usishike simu, usile, usianze kazi ya maana. Rudi kitandani unapoanza kusinzia, kope zikiwa nzito na kichwa kikianguka. Uchovu peke yake hautoshi: mtu anaweza kuwa hoi na bado akawa macho kabisa. Ukirudi na usingizi usije, ondoka tena, hata mara nne. Usiku wa kwanza na wa pili vitakuwa vibaya kuliko ulivyozoea, na hapo ndipo wengi huacha. Wengine hujilaza kwenye kochi na kupitiwa hukohuko. Wameufundisha mwili kwamba kochi ndicho kitanda. Kama miguu yako si imara au una hofu ya kuanguka gizani, si lazima utoke: kaa wima kitandani, umeegemea mto, taa hafifu ikiwaka.

Tatu ni kulala mapema ili kufidia. Hili ndilo linaloonekana la busara zaidi na ndilo linalodhuru zaidi, kwa sababu unautandaza usingizi uleule kwenye muda mrefu, na lazima utoboke. Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika kila asubuhi, kwa makadirio tu, uliingia kitandani lini, ulitoka lini, na ulilala kwa muda gani kwa jumla. Gawa muda wa kulala kwa muda wa kuwa kitandani. Tuseme ulikaa kitandani saa 8 na nusu na ukalala saa 5 na nusu: hiyo ni karibu asilimia 65. Anayelala vizuri hufika 85 au kuzidi.

Sasa upunguze muda wa kitandani uwe sawa na muda unaolala kweli. Kama lazima uamke saa kumi na mbili asubuhi, katika mfano huu utaingia kitandani saa sita na nusu usiku, si kabla, hata ukisinzia. Kila wiki piga hesabu upya. Wastani wa wiki ukifika asilimia 85, ongeza dakika 15 kwa kuingia kitandani mapema zaidi. Usiposogea, baki hapo ulipo. Usishuke kamwe chini ya saa 5. Njia hii, aliyoieleza mwanasaikolojia Arthur Spielman na wenzake mwaka 1987, ina nguvu kuliko kanuni zote za kuzima simu na kuoga, lakini ina masharti. Wiki za mwanzo utasinzia mchana, kwa hiyo usiifanye kama kazi yako ni kuendesha gari au mitambo. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, anayetembea usingizini, au anayekatikiwa na pumzi akiwa amelala, asiijaribu bila daktari.

Saa ya kuamka iwe moja siku saba za wiki, hata kama umelala kwa saa 3 tu. Kati ya yote tuliyoandika ukurasa huu, kama utashika moja, shika hili: saa ya kulala huwezi kuiamuru, ila saa ya kuamka unaiweza. Ndani ya saa ya kwanza toka nje dakika 20 hadi 30. Mwanga wa nje, hata mawingu yakiwa yametanda, ni mkali mara nyingi kuliko wa taa za ndani, na ndio unaoirekebisha saa ya mwili, ambayo kwa watu wengi huzunguka kwa muda unaozidi saa 24 kidogo na hivyo kila siku inahitaji kurudishwa mahali pake.

Mawili ya kuangalia kabla hujalaumu usingizi. Kama unaamshwa na haja ndogo, punguza vinywaji saa 2 kabla ya kulala. Kama unatumia dawa ya shinikizo la damu inayoongeza mkojo, muulize daktari kama inaweza kumezwa asubuhi. Na kama alfajiri unaamka ukiwa na huzuni, hamu ya mambo uliyoyapenda imepotea na hali imedumu zaidi ya wiki mbili, kamwone daktari. Sonona mara nyingi hujitokeza hivyo, na hiyo ndiyo inayotakiwa kutibiwa.

Mimi nakunywa kahawa saa kumi na moja jioni na bado nalala vizuri. Mke wangu anasema najidanganya. Na glasi moja ya mvinyo usiku si inasaidia? — Mbishi

Mkeo ana hoja. Kafeini hukaa kwenye vipokezi vya adenosini, yaani mahali ubongoni inapopokelewa ile kemikali ya uchovu, na kuizuia isisikike. Uchovu upo, ila huuoni. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya takriban saa 5, ingawa watu hutofautiana sana. Kikombe chenye miligramu 100 ukikinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku bado una kama 50. Unaweza kulala ukiwa nayo, ila usingizi mzito hupungua, na hilo mtu halihisi. Katika jaribio la mwaka 2013, miligramu 400 zilizomezwa saa 6 kabla ya kulala zilikata zaidi ya saa nzima ya usingizi. Sitisha saa nane mchana kwa wiki mbili uone unavyoamka. Chai ya majani imo pia, kwa kiasi kidogo zaidi. Wajawazito na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango huchelewa zaidi kuiondoa mwilini.

Mvinyo hulaza haraka, halafu hudai malipo nusu ya pili ya usiku: pombe ikishayeyushwa mwilini usingizi unakatika-katika, kibofu kinajaa, na koo lililolegea hukoroma zaidi.

Nikizima taa tu, mambo yote ya kesho yanapanga foleni kichwani. Nimejaribu kuyafukuza kwa kutafakari, hayafukuziki. — Kichwa Kizito

Hayatafukuzika, maana wazo unalolikataza ndilo unalolilinda. Yaandike. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliwaomba vijana 57 waandike kwa dakika 5 kabla ya kulala. Nusu waliandika kazi zinazowangoja, nusu waliandika walizokwisha kuzimaliza. Walioandika kazi zinazongoja walilala mapema zaidi kwa takriban dakika 9, na kadiri orodha ilivyokuwa mahususi ndivyo walivyolala upesi. Kwa hiyo usiandike “mambo ya shule”. Andika “kupiga simu shuleni saa tatu, kuuliza tarehe ya mkutano”.

Kwa wasiwasi usio na kazi ya kufanya, tenga dakika 15 jioni mapema, mbali na kitanda. Gawa karatasi mara mbili: kushoto jambo, kulia hatua ndogo inayofuata. Lisilo na hatua liandikie “halimo mikononi mwangu leo” na ufunge daftari. Likirudi usiku, litaje kwa neno moja tu kimoyomoyo, “nawaza kazi”, kisha rudi kwenye uzito wa mwili wako juu ya godoro. Usijadiliane nalo.

Nikifumba macho na kufuata pumzi, moyo unaanza kwenda mbio na kifua kinabana. Mara nyingine naona picha za ajali niliyoipata. Nivumilie mpaka nizoee? — Mwenye Hofu

Hapana, usivumilie. Pumzi haimfai kila mtu. Aliyewahi kupata tukio la kutisha, au mwenye mishtuko ya hofu, anapoelekeza akili yote kifuani huliona kila pigo kama hatari, na hofu yenyewe huongeza kasi ya moyo. Hamishia umakini nje ya kifua. Acha macho wazi yakitazama kitu kimoja, sikia nyayo zako zinavyogusa sakafu, kisha sikiliza sauti: ya karibu kabisa, halafu ya mbali zaidi. Dakika 2 au 3 zinatosha. Maliza ukiwa bado umetulia badala ya kungoja hofu ikutoe. Kutembea kunafaa vilevile: hatua kumi polepole, ukihisi kisigino, wayo, vidole, kisha geuka. Epuka vipindi virefu vya peke yako na mazoezi ya kubana pumzi.

Picha za ajali zisiachwe hivyohivyo. Zipeleke kwa mshauri nasaha au mwanasaikolojia anayetibu watu waliopitia mikasa. Kama zinakuja kama jinamizi linalojirudia, kuna zoezi anaweza kukuongoza: mchana unaiandika ndoto, unaibadilisha mwisho wake unavyotaka, kisha unaipitia ile mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku.

Mume wangu anakoroma sana, ghafla anakaa kimya, kisha anashtuka kama mtu anayekabwa. Asubuhi kichwa kinamuuma na mchana anasinzia hata akiendesha gari. Kuna aina gani ya kutafakari itakayomfaa? — Mke Mwenye Wasiwasi

Hakuna, dada yetu. Unayoyaeleza ni dalili za kukatika pumzi usingizini: misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka, ubongo unamwamsha avute hewa, na hilo hujirudia mara nyingi kwa usiku mmoja bila yeye kujua. Mrekodi kwa simu dakika chache akiwa amelala, mwende naye hospitali na video hiyo, na muulizie kipimo cha usingizi. Tiba ipo, na inayotumika zaidi ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Kupunguza uzito husaidia wengi, na kulala ubavu husaidia baadhi. Mpaka apimwe, asinywe pombe wala vidonge vya usingizi, na usukani aukabidhi mtu mwingine.

Niliambiwa nioge maji baridi ili mwili upoe nilale. Natoka bafuni nikiwa macho kabisa. — Msafi

Lengo ni sahihi, njia imegeuzwa. Ili mtu alale, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kidogo, na hushuka kwa kutolewa kupitia ngozi ya mikono na miguu. Maji baridi hubana mishipa ya ngozi na kulifungia joto ndani. Maji ya moto kiasi, nyuzi 40 hadi 42, kwa dakika 10 tu, huifungua mishipa hiyo na joto likatoka. Muda ndio watu wanaoukosea: oga saa 1 hadi 2 kabla ya kulala, si dakika tano kabla. Chumba kiwe na ubaridi na hewa ipite. Miguu ikiwa baridi, vaa soksi.

Nafanya zamu ya usiku siku nne, napumzika tatu. Mchana nalala saa 4 tu, na siku za mapumziko usiku natumbua macho. Kanuni zenu za kuamka saa ileile kila siku mimi nitazishikaje? — Nesi wa Zamu

Hutazishika, na usijilaumu. Asubuhi joto la mwili linapanda na melatonini imeshuka. Unajaribu kulala wakati saa ya mwili inakuamsha. Kinachowezekana ni kukutana nayo njiani.

Kafeini itumie nusu ya kwanza ya zamu tu. Ukitoka, vaa miwani ya jua na uingie kitandani mapema uwezavyo, kwa mfano saa mbili na nusu asubuhi. Ila kama unaendesha mwenyewe na umesinzia, miwani si jibu, usiendeshe. Chumba kiwe giza totoro, kitambaa machoni kama pazia ni jepesi, viziba masikio, na watu wa nyumbani waujue muda wako kama wanavyoujua usiku wao. Usipofikisha saa 6 au 7, ongeza usingizi wa dakika 90 kabla ya kwenda kazini. Siku za mapumziko usirudi kwenye ratiba ya watu wa mchana moja kwa moja: lala saa tisa usiku mpaka saa sita mchana. Kwa namna hiyo kipande cha asubuhi, saa mbili na nusu hadi saa sita, mwili unakikuta umelala siku zote saba, na saa yake ina mahali pa kushika.

Kutafakari kwako kuwe kwa kushusha zamu. Ukishafika, kabla ya kitanda, kaa kitini dakika 10 na ukaze na kuachia misuli kama tulivyoeleza kwa Macho Makavu. Taya na mabega ndivyo hubeba zamu, anza navyo.

Nimekuwa nikimeza vidonge vya mafua vinavyosinzisha kila usiku kwa miezi minane. Nikiviacha leo na kuanza kutafakari, itakuwaje? — Nataka Kuacha

Inategemea ni vidonge gani. Vile vya mafua na mzio vya kizazi cha zamani mwili huvizoea ndani ya siku chache, kwa hiyo huenda sasa vinakuachia kinywa kikavu, choo kigumu na uzito wa asubuhi tu. Kwa wazee huleta kuchanganyikiwa, na kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba huziba mkojo. Ukiviacha tegemea usiku kadhaa mbaya, kisha hali hutulia. Usianze kutafakari usiku huohuo. Anza kwanza saa ya kuamka isiyobadilika na kipindi cha alasiri kwa wiki mbili au tatu, ndipo uviache.

Lakini kama kati yake kuna dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu, au hujui ni nini hasa, usikate ghafla. Kuzikata ghafla baada ya kuzitumia muda mrefu kunaweza kuleta degedege. Hupunguzwa kidogokidogo, kwa wiki au miezi, chini ya usimamizi wa daktari. Na usizibadilishe kwa vidonge vya melatonini ukidhani ni dawa ileile ya usingizi, ila ya asili: hiyo husogeza saa ya mwili, huwafaa zaidi waliosafiri kuvuka majira ya saa, na kwa mkesha wa muda mrefu msaada wake ni mdogo. Ukienda kwa daktari, beba pakiti zenyewe na daftari la wiki mbili kama lile tulilomweleza Mama wa Alfajiri. Mwambie pia ni usiku mara ngapi kwa wiki unakosa usingizi na kwa miezi mingapi, kwa sababu usiku 3 kwa wiki kwa muda wa miezi 3 ndicho kipimo anachotumia kuuita ugonjwa wa kukosa usingizi.